Kabla ya kubana dawa, wodi ipewe maabara

Saa nane usiku mama anafika na mtoto wa miaka miwili. Mwili unachemka, macho yamezama. Daktari wa zamu anaandika seftriaksoni, antibiotiki ya sindano. Nesi anachanganya unga wa kichupa na maji ya sindano, anausukuma taratibu kwenye kanula, mrija mdogo uliochomekwa mshipani. Damu ya kuotesha vimelea ilipaswa kuchukuliwa kwanza, lakini chupa zake zimekwisha. Na zingekuwepo, majibu yangetoka siku ya pili au ya tatu.

Kuna wanaotaka matumizi ya dawa hiyo yabanwe, na hoja yao ina uzito. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye kundi la dawa za kutumiwa kwa uangalifu, maana vimelea huizoea upesi. Kila dozi huua vile dhaifu na kuviacha vile sugu vitambe, na bakteria kama Klebsiella huweza kuvigawia vingine jeni za usugu. Utafiti uliofanyika Muhimbili mwaka 2001 na 2002 ulionyesha kwamba watoto waliopata bakteria wa kundi la Klebsiella (Gram-hasi) kwenye damu walikufa kwa kiwango zaidi ya mara mbili ya waliolazwa kwa malaria. Duniani, vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria dhidi ya dawa mwaka 2019 vilikadiriwa kuwa milioni 1.27, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu.

Hata hivyo, huku kwetu wapo pia wanaokufa kwa sababu antibiotiki imechelewa au haikupatikana kabisa. Kumwambia yule daktari asubiri majibu ya maabara isiyokuwepo ni kumtoa mtoto kafara. Tumezoea kumlaumu aliyenunua vidonge vya rangi mbili dukani bila cheti. Ana sehemu yake ya kosa, ndiyo. Lakini vimelea sugu vingi vya wodini husafiri kwenye mikono: bomba limekauka, nesi ni mmoja, vitanda thelathini, na watoto wawili wamelala kitanda kimoja. Hilo mnunuzi wa dukani hakulifanya.

Ila kuna mahali sina utetezi. Mgonjwa amefanyiwa upasuaji safi, kidonda hakina usaha, na bado anachomwa sindano siku tano “kwa usalama”. Mwongozo wa kimataifa unasema dozi ya kabla ya kisu yatosha, isiendelezwe baada ya upasuaji. Hapo hahitajiki mtaalamu wa maabara wala mashine. Mganga mkuu anaweza kusimamisha kesho asubuhi, na vichupa vilivyookolewa vikamfaa mwenye homa kali.

Kwa yule mtoto, siku ya tatu homa haijashuka. Inayofuata ni meropenemu, antibiotiki yenye nguvu zaidi. Stoo haina, na mama amepewa karatasi akanunue nje. Ameshika karatasi mlangoni, anapiga simu kwa shemeji yake.