Pipe Spring: ngome iliyokalia maji ya watu

Kuna ngome moja ya Wamormoni, waumini wa kanisa lililoanzia Marekani, kaskazini kabisa mwa jimbo la Arizona, karibu na mpaka wa Utah, inaitwa Pipe Spring, na kila nikisikia mtu anaisimulia naona anaanza na kuta, mageti mazito ya mbao na yale matundu ya kupitishia bunduki. Mi naona hapo sipo pa kuanzia. Anza na maji, ndo utaelewa kila kitu.

Nilipita pale nikitokea Utah, tunaelekea Grand Canyon ya upande wa kaskazini, na jamani kule ni kukavu, unaendesha unaona vichaka vya rangi ya majivu na miamba myekundu mpaka macho yanachoka, halafu ghafla miti ya kijani imesimama pamoja na hata kabla hujaambiwa unajua tu hapa pana maji. Majengo yako mawili, ya mawe, kila moja lina chini na ghorofa moja juu, yanatazamana na katikati kuna ua. Sasa kilichonishtua ni kwamba jengo la kaskazini limejengwa juu ya chemchemi yenyewe, yaani sio kando, juu yake kabisa. Maji yalikuwa yanatoka chini ya sebule, yanapita chini ya ua, yanakuja kutokea kwenye chumba cha jengo la pili ambako waliweka maziwa na jibini visiharibike na joto. Ukiingia mle ukitoka juani unasikia ubaridi wa mawe mpaka kwenye mikono, na unaelewa kwa nini mtu angetaka chumba kama hicho kiwe chake peke yake.

Ila hayo maji yalikuwa na wenyewe. Wapaiute wa Kaibab, wenyeji asilia wa eneo hilo, waliyanywa na kumwagilia mashamba yao madogo miaka mingi kabla msafara wa mmisionari wa Kimormoni Jacob Hamblin haujapiga kambi pale 1858. Mwaka 1863 akaja mfugaji wa Kimormoni James Whitmore na mifugo yake, na Januari 1866 yeye na Robert McIntyre wakauawa wakifuatilia wanyama walioibiwa. Wanamgambo wa Kimormoni wakalipiza kwa kuua Wapaiute kadhaa, wakati wanaoaminika kufanya ile kazi ni wavamizi wa Kinavajo, kabila jingine la wenyeji, waliovuka mto Colorado. Hawa watu waliuawa kwa kosa la wengine, na kwenye masimulizi mengi wanapita kwa sentensi moja tu, hilo linaniuma sana.

Ujenzi ulianza 1870 kwa agizo la Brigham Young, kiongozi wa kanisa la Wamormoni, msimamizi akiwa Anson Perry Winsor. Waumini wasio na hela walikuwa wanatoa fungu la kumi kwa ng'ombe, kwa hiyo kanisa likawa na mifugo mingi inayohitaji malisho na maji, na ndo kazi ya Pipe Spring ilipoanzia. Nyama, siagi na jibini vilikuwa vinasafirishwa mpaka mji wa St. George kule Utah kulisha mafundi waliokuwa wanajenga hekalu, lililokamilika 1877. Telegrafu ikafika 1871, ya kwanza Arizona, na aliyeiendesha alikuwa msichana, Luella Stewart. Baadaye, serikali ilipoanza kukamata wanaume wa Kimormoni wenye mitala, baadhi ya wake zao walikuja kujificha humo.

Na vita je? Hamna. Mapatano na Wanavajo yalifanyika 1870 hiyohiyo, na ngome haikushambuliwa hata siku moja. Kuna wanaosema basi ilijengwa bure, mi nakataa kabisa. Ilifanya kazi kubwa kuliko bunduki yoyote, iliweka maji ndani ya geti, halafu ng'ombe wakala nyasi ambazo mbegu zake ndo zilikuwa chakula cha Wapaiute, miaka michache tu malisho yakachakaa na wenye ardhi wakabaki na njaa wakiwa nyumbani kwao.

Ardhi yao ya kutengewa waliipata 1907. Mwaka 1923 Rais Harding wa Marekani akaitangaza ngome kuwa kumbukumbu ya taifa, ekari 40 zilizozungukwa na ardhi hiyo hiyo ya Wapaiute, na 1933 serikali ikayagawa maji mafungu matatu: hifadhi, wafugaji na Wapaiute. Yaani theluthi moja ya maji ya babu zao.

Siku hizi jumba la makumbusho linaendeshwa kwa ushirikiano na Wapaiute wenyewe, na hilo nalipenda kwa moyo wote. Sisemi Winsor na familia yake walikuwa watu wabaya, walifanya kazi ngumu kwenye mazingira magumu na mawe waliyopanga bado yamesimama. Ninachotaka ni mgeni akifika asipelekwe kwanza kwenye matundu ya bunduki, apelekwe kwenye kile chumba cha baridi, aoneshwe maji yalipopita, halafu aambiwe nani alikuwa anayanywa kabla sebule haijajengwa juu yake.