Mazishi chini ya tangazo la kamari

Simu ya mama yule ilinipata Jumanne asubuhi ndani ya matatu, tumekwama Jogoo Road karibu na City Stadium. Hakunisalimu. Aliuliza tu, "Mwanangu, hawa watu wa kamari umewauzia mazishi ya mume wangu?"

Nilishukia Muthurwa nikakata kwa miguu hadi ofisini, kama inafaa kuita ofisi kichumba cha River Road chenye kompyuta mbili na feni iliyokataa kuzunguka tangu mwaka jana. Nikafungua ukurasa alionitumia. Ulikuwa wa udaku. Juu, kichwa kikubwa cha habari kuhusu ugomvi wa shamba ambao haujawahi kuwepo. Katikati, video yetu ya mazishi yenye urefu wa saa tatu na dakika kumi, tuliyoirusha moja kwa moja kutoka kijijini Jumamosi ile. Ubavuni na chini yake matangazo ya kamari yanawakawaka: weka shilingi kadhaa, ondoka na mamilioni. Nikaisogeza mbele. Binti wa marehemu ameshikiliwa na wanawake wawili, kitambaa kimemdondoka kichwani, na sentimita mbili kutoka usoni pake mpira wa rangi ya machungwa unadundadunda ukimwambia msomaji abonyeze.

Nilitaka sana kusema tumeibiwa. Ukweli ni kwamba hakuna aliyeiba chochote. Enzi za sidii hapa River Road mwizi alikuwa na kazi: anunue nakala, achome nyingine, atafute wachuuzi, awakwepe askari. Huyu wa udaku alibandika mstari mmoja tu wa msimbo. Video haikuwa kwake hata kidogo. Mstari ule ulikiambia kivinjari cha kila msomaji kiende YouTube, kiilete, kiionyeshe pale kwake. Ndiyo maana ya kupachika. Na mlango aliopitia niliuacha wazi mimi, kwa sababu kisanduku cha kuruhusu upachikaji huwa kimewekewa alama tangu mwanzo, nami nilikuwa nahangaika na mtandao wa kijijini na betri ya kamera ya pili.

Uzuri wa kupachika ni huo huo ubaya wake: ukifunga kwenye chimbuko, kote kunafungika. Niliondoa alama, nikahifadhi, nikafungua ukurasa wa udaku upya. Sanduku jeusi. Haikuchukua hata dakika moja.

Dakika ishirini baadaye akapiga mjomba wa familia aliye Marekani. Ukurasa wa kumbukumbu walioutengeneza, wenye picha za marehemu na wasifu wake, nao umegeuka sanduku jeusi. Kwa akaunti ya kawaida ya YouTube, upachikaji ni wote au hakuna. Huwezi kusema tovuti hii ndiyo, ile hapana.

Hapo ndipo ninapogombana na wenzangu wa kazi hii. Sisi wa kurusha harusi, mazishi na sherehe za shule tumejizoeza kumwambia mteja, "Usijali, hiyo video si ya umma, ni wenye linki tu." Tunalisema kana kwamba linki ni ufunguo. Video ya namna hiyo, YouTube huiita isiyoorodheshwa, haitokei kwenye utafutaji, basi. Aliyepata linki anaitazama, anaituma kwa mwingine, na upachikaji ukiwa umeruhusiwa anaipachika anapotaka. Na linki ya mazishi huwekwa wapi? Kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya matanga lenye watu mia mbili, nusu yao wameongezwa na mtu usiyemjua ili wachange.

YouTube wenyewe walionyesha 2021 kwamba hali ile si kufuli. Walibadilisha namna ya kutunga linki za video zisizoorodheshwa ili zisikisiwe kwa urahisi, na kuanzia Julai 23 mwaka huo zile zilizopakiwa kabla ya 2017 zikageuzwa kuwa za faragha, isipokuwa mwenyewe amekataa. Hali ya faragha yenyewe inafungika kweli, ila lazima umwalike kila mtu kwa barua pepe, naye awe na akaunti ya Google. Jaribu kumweleza hivyo shangazi wa Bungoma anayetumia simu ya mjukuu wake.

Njia ya katikati ipo, ila inalipiwa. Vimeo, kwa mfano, kwenye mipango yake ya kulipia, hukuruhusu kutaja tovuti zinazoruhusiwa kuipachika video yako. Kivinjari kinapoiomba video hutaja kimetumwa na tovuti gani. Jina likiwa si la ukurasa wa familia, kinaambiwa hapana. Wenye seva zao hutumia linki zenye sahihi ya kidijitali na muda wa mwisho: baada ya saa chache linki imekufa, na aliyeinakili kwenda kuiweka kwake amebaki na mkia wa mjusi. Siku hizi gharama hiyo naiweka kwenye kotesheni kama mstari wake, chini ya usafiri. Wateja wengine huikata. Wakiikata nawaambia mbele ya mashahidi maana yake nini.

Jirani yangu wa chumba cha pili, anayehariri video za wanamuziki, hunicheka. Husema kitu kikishaingia mtandaoni kimeshaenda. Mtu atarekodi skrini, au ataelekeza simu nyingine kwenye kioo. Ni kweli. Hakuna kufuli la kumzuia aliyekusudia. Lakini ule ukurasa wa udaku haukukusudia chochote. Ulichukua kwa sababu ilikuwa bure, haikuwalazimu hata kupakia, na kesho yake wangechukua mazishi ya mtu mwingine. Watu wa namna hiyo hawarekodi skrini kwa saa tatu. Wakikuta pamefungwa wanahamia kwa jirani. (Jirani huyo naye atafunga lini, hilo nimemwachia yeye.)

Tena kufuli husema kitu hata likivunjwa. Mwaka huo huo wa 2021 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa mwenye hakimiliki akiweka kizuizi cha kiufundi dhidi ya upachikaji, anayekizunguka anahitaji ruhusa yake. Hukumu hiyo haitufungi sisi wa Kenya, na ilihusu hakimiliki. Lakini mantiki yake naielewa hata kwa akili ya soko la Gikomba: ukiacha bidhaa nje usiku bila hata kamba, utaanzaje kusema hukuruhusu mtu aishike?

Huku kwetu kinachonitisha zaidi ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Picha tu. Sasa hesabu video za siku ya wazazi zilizopachikwa kwenye tovuti za shule za hapa Nairobi, watoto wakitajwa majina na darasa. Kwenye mazishi, marehemu hana neno tena, lakini yule binti aliyedondokwa na kitambaa yuko hai, anafanya kazi mjini, na hakuna aliyemuuliza. Hata mimi sikumuuliza.

Sisemi kila kitu kifungwe. Kwaya inayozindua albamu inataka isambae hadi Mombasa na ng'ambo, na kuifungia upachikaji ni kuikata miguu. Nilichobadilisha ni kwamba kabla ya kuwasha kamera nauliza wenyewe nani aone, na hadi lini. La pili ndilo linalowashangaza. Wengi hawakuwahi kufikiri kuwa mazishi yana tarehe ya kushuka mtandaoni. Tunakubaliana wiki mbili, walio mbali wamalize kutazama, kisha naifanya ya faragha na kuwapa faili lao kwenye flashi.

Mama yule alikuja mwenyewe kuchukua ya kwake, akapanda ngazi zote hizo, akakataa kiti. Nilimwomba msamaha. Akanyamaza, akaigeuzageuza ile flashi kama anayesoma tarehe ya kuharibika.

"Nikimpa mtu hii, anaweza kuirudisha huko?"

"Anaweza, Mama."

Akaifunga kwenye pindo la leso, mafundo mawili, akaniuliza kama steji za Donholm bado ziko pale pale.