Kumpakata Koala au Kumwacha Kwenye Tawi Lake

Mwezi Julai 2024, kituo cha wanyama cha Lone Pine huko Brisbane, Australia, kiliacha kuwapa wageni koala wa kupakata, yule mnyama wa Australia mwenye manyoya anayeishi mitini. Kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1927, na kwa vizazi kadhaa safari ya siku moja ilikwenda hivyo: unapanda boti asubuhi kwenye Mto Brisbane, unafika, unampakata koala, unapigwa picha, jioni umerudi mjini. Jimbo la New South Wales lilikwisha kataza jambo hilo zamani. Queensland, jimbo ulipo mji wa Brisbane, bado inaruhusu, ila koala asishikwe na wageni zaidi ya dakika 30 kwa siku, na kila siku ya nne apumzike.

Wanaotetea kupakata wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Mwaka huohuo wa 1927, serikali ya Queensland ilifungua msimu wa kuwinda koala mwezi Agosti, na zaidi ya nusu milioni waliuawa kwa ajili ya ngozi zao. Mnyama aliyehesabiwa kuwa manyoya ya biashara aligeuka kuwa kipenzi cha taifa, na naamini mamilioni ya mikono iliyompakata ilichangia. Tena kumlisha ni kazi: anataka majani mabichi ya mikalitusi, nayo lazima yakatwe kila mara. Kiingilio cha mgeni ndicho kinacholipa. Hata shetani wa Tasmania, mnyama mdogo mla nyama wa kisiwa cha Tasmania, anayeangamizwa na saratani ya uso iliyogunduliwa mwaka 1996 na inayoenezwa kwa kuumana, ametengewa akiba ya wanyama wasio na ugonjwa huo katika vituo, na baadhi yao ndio haohao wanaotazamwa na watalii. Anayesema vituo vyote vifungwe atueleze akiba hiyo itakaa wapi.

Hata hivyo, mtazame koala mwenyewe. Majani ya mkalitusi yana sumu na lishe yake ni haba, ndiyo maana hulala hadi saa 20 kwa siku. Nguvu kidogo aliyo nayo ni ya kumeng'enya chakula. Anapotulia kifuani mwa mgeni tunasema amependa, kumbe huenda anavumilia tu. Mtoto asiyetaka kubebwa hulia; koala anaweza kukaa kimya tu.

Lakini tusijidanganye kwamba kupiga marufuku kupakata kunaokoa koala wa porini. Mwaka 2022 alitangazwa kuwa hatarini kutoweka Queensland, New South Wales na eneo la mji mkuu Canberra. Kinachommaliza ni kufyekwa kwa misitu, magari, mbwa, ugonjwa wa klamidia, na moto kama ule wa 2019 hadi 2020. Inaniuma kuona watu wanagombana juu ya dakika 30 za kupakata huku mti wenyewe unakatwa.

Kwangu mimi swali la kuuliza ni moja: mnyama anaweza kuondoka akichoka? Kangaruu katika uwanja mpana anaweza. Anakula kiganjani mwako, akishiba anaruka zake. Koala aliyebebwa hawezi. Na wanaohofia kwamba bila kugusa wageni hawatakuja, waangalie kisiwa cha Rottnest, karibu na Perth. Kwoka wa pale, wanyama wadogo wa jamii ya kangaruu, hawaogopi watu, hukusogelea wenyewe, lakini ni kosa kuwagusa au kuwalisha. Watalii wanajaa vivukoni vilevile, wanalala kifudifudi mchangani ili wapate picha pamoja nao.

Najua kwoka huja wenyewe na koala hashuki. Mgeni anaweza kulipa, akaishia kuona mgongo wa kijivu umejikunja kwenye panda ya mti. Mlezi aliyesimama hapo akimweleza ni mti gani huo, na kwa nini unazidi kuadimika, atakuwa amempa kitu ambacho picha ya kupakata haikuwahi kumpa.