Mwanafunzi wa ustawi wa jamii na jalada la mfungwa manusura

Tangu tarehe 12 Agosti 2019, mfungwa wa jimbo la New York aliyehukumiwa kifungo cha miaka 8 au zaidi kwa kosa la kabla ya siku hiyo anaweza kurudi mahakamani kuomba apunguziwe adhabu kwa sababu ya ukatili wa majumbani. Anatakiwa kuonyesha kwamba alipotenda kosa alikuwa akiteswa vikali, kimwili, kingono au kisaikolojia, na mtu wa familia au nyumba yake; kwamba mateso hayo yalichangia kwa uzito kosa lenyewe; na kwamba adhabu aliyopewa ni kali kupita kiasi. California ilikuwa imefungua mlango wa namna hiyo mapema zaidi, na Oklahoma na Georgia zimefuata mwaka 2024 na 2025. Kwa kuwa waombaji wengi hawana uwezo wa kumlipa wakili, sehemu ya kazi hii imeangukia vituo vya msaada wa kisheria vilivyo ndani ya vyuo vikuu, ambako wanafunzi wa sheria huandaa mashauri chini ya usimamizi wa mawakili. Pembeni yao huketi wanafunzi wa ustawi wa jamii walio katika mafunzo kwa vitendo. Je, ni haki kumkabidhi mwanafunzi wa miezi michache kazi nzito kiasi hiki?

Kwanza tuone kwa nini wanahitajika. Sheria ya New York haimruhusu mwombaji kuja na maneno yake matupu. Ombi lazima liambatane na vielelezo viwili angalau vinavyounga mkono madai ya mateso, na kimojawapo kiwe cha aina iliyotajwa na sheria, kwa mfano kumbukumbu ya mahakama, ya hospitali, ya polisi au ya huduma za jamii, au kiapo cha mtu aliyeshuhudia. Sharti hilo linaeleweka, lakini linamwelemea mtu ambaye mateso yake yalifanyika nyuma ya mlango uliofungwa. Mwanamke aliyemwambia muuguzi kwamba ameteleza ngazini atapata jalada la hospitali, na jalada hilo litasema ameteleza ngazini. Anahitajika msomaji aliyefundishwa kutambua kwamba mkono uleule umevunjika mara mbili, kwamba miadi ya kliniki ya wajawazito imekosekana mfululizo, na kwamba aliyejibu maswali ya daktari alikuwa mume. Wakili hodari anaweza kujifunza hayo, ila mtaalamu wa ustawi wa jamii ndiyo kazi aliyosomea.

Ndiyo maana mchango wa wanafunzi hawa si wa kubeba mafaili. Wanakwenda gerezani, kwa mfano Bedford Hills, gereza la wanawake lenye ulinzi mkali zaidi jimboni, kusikiliza historia ya maisha ya mteja. Wanatafuta kumbukumbu za shule na za malezi ya kambo, wanazungumza na mashangazi na majirani wa zamani, na wanapanga mahali pa kuishi na matibabu iwapo mteja ataachiwa. Nao wanapata wanachohitaji, kwa sababu masharti ya ithibati ya vyuo vya ustawi wa jamii nchini Marekani yanadai saa zisizopungua 400 za mafunzo kwa vitendo kwa shahada ya kwanza na 900 kwa shahada ya uzamili.

Wanaotilia shaka utaratibu huu wana hoja ya kwanza iliyo nzito kuliko zote. Mwaka wa mafunzo huanza Septemba na kwisha Mei, na mahakama haifuati kalenda ya chuo. Mfungwa anamsimulia kijana mambo ambayo pengine hakuwahi kumwambia hata mama yake, kisha Mei inafika, kijana anaaga, na Septemba anakuja mwingine mwenye daftari jipya na maswali yaleyale. Kwa mtu ambaye maisha yake yalijaa watu waliomtumia na kuondoka, hilo ni jeraha, hata kama kila mmoja wao alikuwa na nia njema.

Hoja ya pili inahusu utiifu wa kitaaluma. Wakili anafungwa na usiri wa mteja karibu katika kila jambo, ilhali mtaalamu wa ustawi wa jamii New York ni miongoni mwa wanaopaswa kisheria kutoa taarifa wanaposhuku kwamba mtoto anadhulumiwa. Mteja akitaja jambo linalomhusu mtoto aliyebaki nyumbani, mwanafunzi aliye chini ya mwamvuli wa wakili atii wajibu upi? Swali hilo linajadiliwa hata na wataalamu wazoefu, na kumwachia mwanafunzi alitatue peke yake katika chumba cha wageni gerezani ni kumwonea yeye na mteja pia.

Lakini mvutano unaonigusa zaidi hauonekani kwa urahisi. Shauri linataka simulizi inayoingia katika masharti matatu ya sheria, na shinikizo la kumtengeneza mhanga asiye na doa ni kubwa. Mwaka 2020 jaji wa kaunti ya Dutchess alimnyima Nicole Addimando, aliyempiga risasi mwenzi wake, nafuu ya sheria hii na kumhukumu miaka 19 hadi maisha. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ilishusha adhabu hiyo hadi miaka 7 na nusu, ikieleza kwamba mtazamo wa jaji ulitokana na fikra zilizopitwa na wakati kuhusu jinsi manusura anavyopaswa kuenenda. Wakili akiogopa jaji wa namna ile, atatamani kupunguza ulevi, hasira na kurudiana kulikotokea mara kadhaa. Mtaalamu wa ustawi wa jamii amefundishwa kinyume chake, yaani kueleza kwa nini mtu anayeteswa hunywa, hukasirika na hurudi. Ripoti inayoyaeleza mambo hayo badala ya kuyaficha humtendea haki mteja, na naamini pia ni ngumu zaidi kwa mwendesha mashtaka kuibomoa. Hapo ndipo ninapoegemea upande wa kuwapo kwa wanafunzi hawa, kwa sharti kwamba wana msimamizi wa taaluma yao wenyewe mwenye uthubutu wa kumpinga wakili.

Sharti hilo ndilo linalokosekana mahali penye bajeti finyu. Msimamizi wa ustawi wa jamii awe mwajiriwa wa kudumu, akutane na kila mteja tangu siku ya kwanza, na jalada liwe lake. Mwanafunzi aingie katika uhusiano uliopo, asiwe uhusiano wenyewe. Mteja aambiwe mapema tarehe ambayo mwanafunzi ataondoka, na mipaka ya usiri ielezwe kabla ya swali lolote. Ningependa pia miezi ya mwanzo itumike kukusanya kumbukumbu zilizokwisha kuandikwa na watu wengine, ili mteja asiombwe kusimulia upya jambo ambalo tayari liko katika karatasi ya polisi.

Kuhusu malipo sina kigugumizi. Wanafunzi wengi wa ustawi wa jamii Marekani hufanya saa hizo bila ujira huku wakilipa ada, na vuguvugu la kudai walipwe, lililoanzia Chuo Kikuu cha Michigan, limeenea vyuo vingi. Katika kazi hii dai hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu kutolipa huwazuia kuingia watu waliokulia katika mitaa ileile inayojaza magereza, na hao mara nyingi ndio wanaoaminiwa haraka na mteja.

Liko pia suala ambalo makubaliano kati ya kituo cha msaada wa kisheria na chuo cha ustawi wa jamii yanapaswa kulitaja waziwazi, nalo ni maombi yanayokataliwa. Wakili ana rufaa ya kuandika. Mteja ameshafumua maisha yake yote kwa ajili ya jaji aliyesema hapana, na wiki zinazofuata uamuzi huo zinahitaji mtu wa kwenda kumwona, hata kama muhula umekwisha na saa za mwanafunzi zimetimia.