Melba Liston: tromboni iliyomezwa na kalamu

Mwaka 1960 mpiga piano wa jazi Randy Weston alirekodi santuri ya Uhuru Afrika jijini New York. Ndani yake Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, anasoma kwa Kiswahili shairi la uhuru la Langston Hughes. Lugha yetu imo humo, lakini ni wangapi kati yetu wanaojua kuwa aliyeipanga bendi ile kubwa, akaziandikia tarumbeta na saksafoni njia zao, ni mwanamke, Melba Liston?

Wapo wanaosema asili ya kazi yake ndiyo iliyomficha. Mpanga muziki, anayeamua kila ala ipige nini, hukaa nyuma ya pazia, sifa akachukua mwenye bendi. Billy Strayhorn alikuwa mwanamume, na bado aliishi miaka mingi kivulini mwa kiongozi wa bendi aliyempangia muziki, Duke Ellington. Hoja hii ina uzito. Tena Liston alikuwa mtu wa haya, asiyependa kujitanguliza.

Hata hivyo, Gil Evans naye alikuwa mpanga muziki, na anayemtaja mpiga tarumbeta Miles Davis, aliyefanya naye kazi, hamsahau. Isitoshe, Liston hakuanzia kwenye meza ya kuandikia. Alishika tromboni, ala ya shaba ya kupuliza, akiwa na miaka 7, na alipokuwa kijana tayari alikuwa akipuliza katika bendi ya Gerald Wilson. Mwaka 1949 alizunguka kusini mwa Marekani na bendi iliyomsindikiza mwimbaji Billie Holiday. Ziara ikasambaratika, akaacha muziki na kuwa karani katika bodi ya elimu mjini Los Angeles. Mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie alipomwita tena kwenye bendi yake mwaka 1956, wanabendi walinung'unika: mwanamke wa nini, tena kutoka California? Walinyamaza walipowekewa mbele kurasa alizoandika. Baadaye alisimulia mwenyewe unyanyasaji wa kingono uliomkuta safarini.

Hapo ndipo ninapoona zile sababu mbili, asili ya kazi yake na kuwa kwake mwanamke, ni moja. Kalamu aliipenda kweli, na kumwita mhanga tu ni kumpunja. Lakini jukwaa lingekuwa salama kwake, angeliacha mara ngapi? Santuri aliyoiongoza kwa jina lake ni moja tu, ya mwishoni mwa miaka ya 1950, nayo imejaa tromboni tupu.

Tuzo ya taifa ya Marekani ya magwiji wa jazi alipewa mwaka 1987, miaka miwili baada ya kiharusi kumnyang'anya ala yake. Aliendelea kumwandikia Weston kwa kompyuta.