Fuwele ndani ya ndoo ya ungarol

Anayetengeneza sabuni ya maji hapa Kampala anaijua hasira hii: umetia ungarol, ule uji mzito wa kutoa povu, ndooni, ukaongeza maji kidogo, na badala ya kulainika inakaza, mabonge kama ugali ulioharibika. Mara ya kwanza nilivunja mwiko, nikaenda kugombana na muuzaji kwamba ameniuzia mali mbovu. Alinicheka tu.

Kumbe ni fuwele. Ungarol nzito huwa na takriban asilimia 70 ya sabuni yenyewe, na molekuli zake zimejipanga tabaka juu ya tabaka, maji katikati, kama chapati kwenye hotpoti. Ukitia maji kidogo, tabaka hujikunja zikawa nguzo ndefu zilizobanana, na mwiko unakwama. Yakizidi, nguzo zinavunjika, inalegea. Hizo ndizo fuwele za kimiminika, ndugu wa zile zilizomo kwenye skrini ya kompyuta. Paka ungarol kati ya vioo viwili, weka mbele ya skrini, tazama kwa miwani ya jua ya polaroidi uliyoizungusha mpaka skrini ikawa nyeusi. Palipo na ungarol panang'ara.

Siku hizi zinauzwa krimu za ngozi za bei mbaya kwa jina hilohilo la fuwele. Emalsifaya yake, yaani kiungo kinachoshikanisha mafuta na maji, hutokana na mafuta ya zeituni. Ikipoa hujipanga kwa tabaka zinazofanana na mafuta ya ngozi yetu. Krimu zenyewe ni nzuri, nimezitumia. Kinachoniudhi ni kwamba mafuta ya shea ya Acholi na Lango, kule kaskazini mwa Uganda, tunayauza ghafi, halafu emalsifaya tunaagiza. Shea yetu ni laini kuliko ya Afrika Magharibi kwa sababu ina asidi nyingi ya oleiki, asidi ileile inayotawala kwenye zeituni!

Ila tusidanganyane, kama wanavyofanya walimu wa semina za siku moja: shea peke yake haishiki maji. Ili iwe emalsifaya lazima ipikwe na gliserini na kostiki (soda kali ya kutengenezea sabuni) kidogo, zaidi ya nyuzi 200, bila hewa kuingia. Sigiri na sufuria havitoshi. Linatakiwa tangi la chuma kisichoshika kutu, lenye kifuniko na mota ya kukorogea, na hilo hakuna kati yetu anayeweza kulinunua peke yake. Kwenye chama chetu tumeshachangia michango ya harusi tatu mwaka huu. Mkutano ujao nitataja tangi kabla hawajataja harusi ya nne.