Maji ya baraka ukweni

Asee mi ukweni mwezi wa kumi siendi tena. Mwaka jana tumefika Kilosa, jua linawaka, wingu hakuna hata la kuazima, nimekaa na baba mkwe chini ya mti uani mara tii, tii, matone yananidondokea kichwani. Kuangalia juu, matawi yamejaa povu jeupe kama kuna mtu kashinda anatemea mate, na pembeni vidudu vimetulia, ukisogeza kidole vinaruka.

Sasa mimi nshawahi kukaa semina ya mahindi siku mbili (ya pili nilisinzia), tukaonyeshwa kale kadudu kanakoruka kanakoeneza virusi vya milia, yale majani yanapata michirizi ya njano. Kana milimita 3 hivi. Hawa wa juu walikuwa wakubwa mara nne lakini nikajiambia labda wa ukweni wananenepa. Nikakohoa kisomi, "Baba hawa nawajua, ndo wale wa mahindi, na haya maji hayawahusu, unatoa mti wenyewe, safi kabisa." Nikakinga viganja nikanawa uso. Mzee akafurahi, akaita jagi liletwe.

Jioni bwana shamba akapita, kijana wa hapohapo kijijini, akadaka mmoja akamgeuza. "Shemeji washa kamera, vuta karibu, ona mguu wa nyuma. Wale wa mahindi wana vimiiba vimejipanga mguu mzima kama meno ya kitana. Huyu ana mwiba mmoja miwili minene, halafu kule mwisho wa mguu ndo kuna kishada cha vimiiba." Nikavuta picha, kweli bana, kitana hakuna.

"Na povu?"

"Humo wamo watoto wao. Wanafyonza maji ya mti, hayana lishe, kwahiyo wanafyonza mengi na kutoa mengi kwa nyuma, wanayachanganya na hewa inakuwa povu la kujifichia jua na maadui, yakizidi ndo hayo yanadondoka."

"Kwa nyuma wapi?"

"Shemeji. Kwa nyuma."

Baba mkwe akaniangalia uso wangu niliounawa, hakusema kitu, akakitua kikombe chini taratiibu. Mama mkwe akachungulia mlangoni, "Jamani, niwaongezee chai? Maji ya kwenye jagi bado yapo."